Kapeti la Nyuma ya Dereva

Siku aliyotoweka, Pekupeku aliacha nusu kikombe cha chai mezani. Alimwambia mkewe asiimwage, anatoka mara moja na akirudi ataimalizia, tena ana jambo la kumwambia. Alikuwa dereva wa teksi. Jina hilo alipewa na abiria, kwa sababu akishaingia garini alikuwa anavua viatu, anavisukuma chini ya kiti cha abiria, kisha anaendesha kwa miguu mitupu ili asichafue kapeti. "Pekupeku," walimtania, "hapa tumepanda gari au tumeingia msikitini?" Naye alicheka, akawaambia wenye matope wajikung'ute kwanza.

Chai ilikaa mpaka ikafanya utando. Jioni mke aliifunika kwa kisahani.

Kesho yake gari lilionekana kwenye maegesho ya stendi ya mabasi. Lilikuwa limefungwa, ndani safi, na viatu havimo. Alijitokeza shahidi mmoja tu, kaka wa huyo mke, fundi makochi ambaye mtaa mzima unamwita Sindano. Alisema alimwona shemeji yake akipanda basi pamoja na mwanamke asiyemjua. Polisi wakaandika kwamba mtu mzima ameondoka kwa hiari yake, wakamrudishia mke gari, na faili likawekwa chini ya mafaili mengine.

Lilikaa huko hadi polisi aliyelishika alipohamishwa, likaangukia kwa Inspekta. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa maneno machache, mwenye tabia ya kusoma faili kuanzia mwisho. Ukurasa wa mwisho haukumwambia kitu. Kwa hiyo alikwenda kwa mke, akaketi barazani, akauliza swali moja.

"Tangu gari lirudi, kuna chochote ulichokiona si cha kawaida?"

"Wenzako niliwaambia, wakacheka."

"Niambie na mimi. Nikicheka, nifukuze."

Mke alikuwa mwembamba, na kanga yake ilikuwa imefungwa kiunoni kama mtu aliyekatishwa kazi. "Mpira wa nyuma haukai," alisema.

"Mpira gani?"

"Ile mipira ya kukanyagia. Iko minne. Wa nyuma ya kiti cha dereva zamani ulikuwa unalala kama umebandikwa. Sasa nauweka unainuka, naukandamiza unainuka tena. Kama una mtu chini yake anausukuma." Alipoyasikia maneno yake mwenyewe alikaza fundo la kanga. "Na jua likiwaka, kuna harufu."

"Mipira yenyewe umeshaisafisha?"

"Kila Jumamosi, kwa sabuni na brashi. Halafu naianika pale ukutani. Hata nikiwa na hasira naye nilikuwa naisugua. Yule mtu hawezi kuvumilia vumbi, Inspekta. Nilisema siku akirudi, nitamtukana nitakavyo, lakini asikute gari chafu."

Inspekta hakucheka. Alifikiria zile Jumamosi zote, na kila kilichokwenda na maji ya sabuni. Halikuwa jambo la kumwambia mtu.

"Kapeti lililo chini ya mipira je? Umelifua?"

"Lile halitoki. Limebanwa na viti."

"Vizuri," alisema Inspekta. "Kesho tutalitoa."

*

Walifika asubuhi, yeye na Koplo, mwanamume mnene aliyewahi kuwa fundi wa magari kabla hajavaa sare, na ambaye mpaka leo hawezi kufungua boneti bila kuwalaumu waliomtangulia. Gari lilikuwa kwenye kivuli cha nyumba, limefunikwa shuka la maua. Dirisha la chumba kimoja lilikuwa wazi, na kwa ndani alionekana bibi kizee amelala chali, macho darini.

"Mama yetu," mke alieleza. "Aliishiwa nguvu upande mmoja. Kulala peke yake analala, lakini kumgeuza ni kazi ya watu wawili, asubuhi, mchana na jioni. Akikaa upande mmoja sana, ngozi inachubuka. Kaka anakuja kila wakati huo. Hajawahi kukosa hata siku moja."

"Karakana yake iko wapi?"

"Hapo nyuma ya ile nyumba ya pili. Ukinyamaza utasikia nyundo yake."

Walinyamaza. Kweli, nyundo ilisikika, ndogo na ya haraka, ikipigilia misumari.

Koplo alivaa glavu, akatandika turubai chini. Ilitoka kwanza mipira minne, ikapangwa kwa mpangilio uleule iliokuwa nao ndani ya gari. Inspekta aliupima kwa jicho ule wa nyuma ya dereva. Ulikuwa mzima, haukuwa umejikunja wala kukunjamana. Basi kama haukai, kosa si lake. Kosa ni la kilicho chini.

"Viti sasa," alisema.

Kiti cha mbele kimefungwa kwa bolti nne. Koplo alikisukuma nyuma, akafungua mbili za mbele, akakivuta mbele, akafungua mbili za nyuma. Alitegemea zisumbue kwa kutu. Zote nne zilizunguka kama zimetiwa mafuta jana.

"Hizi zimeshafunguliwa na mtu, afande."

"Kila iliyofunguliwa iweke peke yake. Usiifute."

Vilivyopatikana chini ya viti viliwekwa kwenye bahasha moja moja: maganda ya karanga, kitana kilichovunjika meno, kifungo cha shati, na kibanio cha nywele chenye kipepeo. Mke alikiona kile kibanio akasogea.

"Cha binti yangu. Tulikitafuta nyumba nzima. Alimlilia baba yake amnunulie kingine, baba akasema hapana, kitaonekana tu." Alinyoosha mkono, kisha akaurudisha. "Nitakipata lini?"

"Nitakirudisha mwenyewe," alisema Inspekta.

Kiti cha nyuma kilitoka kwa kuinuliwa tu. Hapo Koplo akapiga mluzi. Kwenye kapeti, upande wa kushoto kwa nyuma, palikuwa na doa jekundu lililokauka, pana kama kiganja.

"Afande. Tumeshamaliza kazi."

Inspekta aliinama akalitazama. Lilikuwa jekundu mno. Damu iliyokaa muda wote huo haibaki na rangi ya sherehe. Alipolinusa lilinukia kitu kitamu, cha hospitali. Akamgeukia mke.

"Dawa ya kikohozi," mke alisema mara moja. "Mtoto aliikataa, akaitemea garini. Baba yake alisugua, alisugua, ikagoma. Akasema basi, hilo ndilo litakuwa pambo."

"Ilimwagika hapo tu? Upande mwingine haikufika?"

"Hapo tu. Yeye hukaa upande huo siku zote."

"Koplo, piga picha. Halafu tuendelee."

"Nilifurahi mapema," Koplo alinung'unika.

Yalibaki mambo ya subira. Waling'oa plastiki za vizingiti vya milango, kila moja ikilia tak, tak. Wakafungua bolti za mikanda chini, kisanduku cha katikati, na kifuniko cha hendibreki. Kisha wakalishika kapeti kila mtu pembe yake, wakalivuta taratibu kutoka mbele hadi nyuma, likatoka zima kupitia mlango, zito na lenye umbo la gari, kama ngozi iliyochunwa bila kuchanwa. Walilitandaza juu ya turubai, uso chini.

Kwa upande wa juu, lilikuwa kapeti moja la kijivu. Kwa upande wa chini, hata asiye fundi angeona kwamba si moja.

Mahali pa miguu ya abiria wa nyuma, nyuma kabisa ya dereva, palikatwa mstatili mkubwa, na pakawekwa kipande kingine cha kijivu kilichokaribia sana kufanana. Chini ya kapeti lote kulikuwa na felti, ile sufi iliyoshindiliwa, nyeusi, ngumu, ya kiwandani. Chini ya kipande kile kulikuwa na sponji ya njano, nene.

"Ndiyo maana mpira haukai," alisema Inspekta.

Koplo alimulika bati la sakafu kwa tochi. Lilikuwa limesuguliwa likang'aa kuliko sehemu nyingine yoyote ya gari. Lakini sakafu ya gari ina mifereji na matundu, na aliyesugua alisugua panapofikika. Ndani ya mfereji, na kwenye meno ya mojawapo ya zile bolti laini, kulikuwa na kitu cheusi kilichoganda kama lami. Inspekta alikwangua kidogo kwa ncha ya kijiti, akakilowesha, akakigusisha karatasi ya kupimia damu aliyokuja nayo. Karatasi ilibadilika rangi. Aliikunja, akaitia kwenye mfuko wake, akaandika juu yake. Maabara ndiyo ingesema ni ya nani. Yeye alikwisha kujua kwamba haikuwa dawa ya kikohozi.

Koplo alikuwa amepiga magoti kwenye kapeti, anapitisha kidole kwenye mpaka wa kile kipande.

"Afande, njoo uone maajabu. Huku hakuna macho yanayofika. Mimi ningebandika gundi nikaenda zangu. Huyu bwana ameshona, pindo lote, mzunguko mzima. Kila mshono umelingana na mwenzake, na kila baada ya mitatu kapiga fundo mara mbili. Huyu muuaji ana mikono mizu..."

Alikumbuka aliyesimama nyuma yake, akafunga mdomo. Alikuwa amechelewa.

Mke hakuwa anamsikiliza. Alikuwa amechuchumaa kando ya kapeti, anautazama ule mshono. Aliutazama jinsi mtu anavyotazama mwandiko anaoujua. Kisha alisimama, akaingia ndani.

Inspekta alimfuata.

Sebuleni kulikuwa na kochi moja kubwa na mawili madogo, vitambaa vya bluu, mazuri kuliko kitu kingine chochote mle ndani. Mke aliinua mto wa kochi kubwa, akaugeuza. Chini, mahali pasipoonekana na mgeni, palikuwa na pindo lililoshonwa kwa mkono. Mitatu, fundo mara mbili. Mitatu, fundo mara mbili.

"Zawadi ya harusi yetu," alisema.

Alirudisha mto mahali pake, akaupigapiga ukae vizuri.

"Kuna mafundi wengi," Inspekta alisema, kwa sababu alitakiwa kulisema.

"Baba alitufundisha sote wawili. Mimi nikashindwa, uzi wangu ulikuwa unachambuka. Yeye akipita anashika nguo yangu anasema, dada, hata pasipoonekana panatakiwa kufungwa."

Nje, nyundo ilikuwa imenyamaza. Zikasikika kandambili zinakuja kwa haraka ya mtu aliyezoea njia.

"Ni saa ya mama," mke alisema. Uso wake ulikuwa umekauka kabisa. "Inspekta, muache kwanza amgeuze mama. Siwezi peke yangu."

Inspekta alifikiria. Sheria haikuwa na kifungu cha jambo hilo. Alisogea, akasimama nyuma ya pazia la mlango.

Sindano aliingia kwa mlango wa nyuma, mrefu, mwenye vumbi la sponji kwenye nywele. "Naona mna wageni wa serikali," alimwambia dada yake. "Bado wanachokonoa tu? Wewe dada, uliachwa, ukubali uliachwa. Mama, hujambo mpenzi wangu?"

Bibi kizee alitoa sauti, na nusu ya uso wake ikatabasamu.

"Leo tunageukia dirishani, uone polisi wanavyoharibu gari la watu. Haya dada, shika shuka. Umeshika?"

"Nimeshika."

"Moja, mbili, haya."

Walimwinua pamoja, wakamgeuza. Sindano alimwekea mto mgongoni, akamnyoosha mkono uliolala ili usikandamizwe, akampangusa mdomo kwa kidole gumba. Kazi hiyo aliifanya vizuri. Muda wote dada yake alishikilia pembe yake ya shuka akiitazama mikono ile.

*

Walikaa sebuleni. Koplo alisimama mlangoni, kapeti lililokunjwa likiwa miguuni pake. Sindano aliliona, akaketi taratibu kwenye kochi alilolitengeneza.

"Hii kazi ni yako?" Inspekta alifunua kona ya kapeti.

Aliitazama. "Ya kwangu."

"Uliifanya lini?"

"Zamani. Mpwa wangu alimwaga dawa, shemeji akaniletea nikate palipochafuka, niweke kipande."

"Dawa ilimwagika kushoto. Doa bado lipo, nimelinusa asubuhi hii. Wewe umekata kulia, nyuma ya dereva."

"Basi nimesahau. Ilikuwa sababu nyingine."

"Chini ya kipande chako umeweka sponji ya makochi, nene kuliko felti. Ndiyo inayoinua mpira. Dada yako aliosha mipira ile kila wiki maisha yote ya ndoa yake, na ilikuwa inakaa. Imegoma tangu gari litoke stendi. Kwa hiyo hukushona zamani. Ulishona kati ya asubuhi aliyotoka nyumbani na siku gari lilipoonekana. Ulilitolea wapi gari kapeti?"

Sindano alipangusa vumbi la sponji kichwani.

"Ulimwona akipanda basi. Miguuni alivaa nini?"

"Viatu. Vyeusi."

"Vya kamba au vya kuchomeka?"

 Sindano akamtazama dada yake, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake.

"Kaka," mke alisema. "Yule mwanamke uliyemwona naye. Nilikuuliza amevaaje, ukaniambia gauni la kijani. Nikakuuliza ni mzuri, ukasema usijitese. Ulikaa hapohapo ulipokaa sasa, ukanishika mkono."

"Dada..."

"Nimemlaani, kaka. Kila nikilala nimemlaani. Binti yangu nimemfundisha asimtaje. Kumbe nilikuwa namlaani maiti."

Sindano aliinama, viwiko magotini. Alipoanza kusema alisemea sakafuni.

"Alikuja karakana asubuhi ile kwa adabu zake. Akasema shemeji, nimepata kazi ya udereva mji mwingine, kazi ya mshahara. Nataka kuhama na mke wangu, lakini nimeona nianze kwako kwa sababu ya mama. Hata wewe alikuwa hajakuambia. Nikamwambia, mama atageuzwa na nani? Akasema tutatafuta mtu wa kusaidia. Mtu! Mama yangu aguswe na mtu! Nikanyamaza. Nikamwomba anisaidie kupeleka mito kwa mteja. Akavua viatu vyake, akainama kwenye mlango wa nyuma wa gari anaipanga mito kwenye sakafu, anasema usijali shemeji, tutakuwa tunakuja kila sikukuu. Nyundo ilikuwa mkononi. Nilikuwa nimeishika tangu alipofika, sikuinyanyua kwa ajili yake."

"Uliinyanyua," alisema Inspekta.

"Niliinyanyua."

"Yuko wapi?"

"Karakana. Chini ya meza ya kukatia. Nilisakafia upya."

Nyundo ya kila siku, hatua chache kutoka uani. Koplo aliangalia pembeni.

"Kapeti ulikwisha kulibadilisha," Inspekta alisema. "Lingefunikwa na mpira, juu ya mpira miguu ya watu. Kwa nini ulipoteza muda kulishona?"

Ndipo Sindano alipoinua uso, na kwa mara ya kwanza alionekana ameshangaa, kana kwamba ameulizwa kwa nini anapumua.

"Ukingo ulikuwa unachambuka," alisema. "Ningeuachaje?"

 Mke alikuwa amesimama dirishani, mgongo kwao, mbele yake gari lililobaki bati tupu.

"Ulimzika pekupeku?" aliuliza.

"Hapana." Sauti ya Sindano ilivunjika hapo, siyo kabla. "Nilimvalisha viatu."

Koplo alimshika mkono akamwinua. Mlangoni pa chumba cha mama Sindano alijaribu kusimama, Inspekta akatikisa kichwa, wakapita. Kutoka kitandani bibi kizee aliwaona uani, dirisha lilikuwa upande wake. Alimwona mwanawe akiingizwa kwenye gari la polisi, na alitoa ile sauti yake ambayo ni yeye mwenyewe tu aliyejua maana yake.

Inspekta alibaki nyuma kidogo. Juu ya kabati la vyombo kulikuwa na kikombe kimefunikwa kwa kisahani, kimekaushwa, kisafi. Hakukigusa. Alisema watu wa kuvunja sakafu watafika mchana huu, na kwamba si lazima awepo.

"Nitakuwepo," mke alisema. "Lakini wasipige kelele jioni."

Jioni mama hugeuzwa kutoka dirishani kwenda ukutani. Sasa anageuzwa na mtu mmoja.